Theluji ya Ridwan

Swabrah wa Nkoma, mtaa wa mji wa Mbale, hakujaliwa kitako. Wengine huzaliwa na subira, yeye alizaliwa na miguu. Tangu alipoolewa Mbale akiwa msichana wa Walukuba, kule Jinja, hakuna barabara ya mashariki ya Uganda ambayo haikumjua. Alinunua vitunguu kwenye miteremko ya mlima Masaba akaviuza Jinja, akatoka Jinja na vitambaa vya pazia akavitembeza Mbale, Busiu hadi Tororo. Wenzake walipomwambia apumzike, alijibu kwamba mtembea bure si mkaa bure, naye hakuwa akitembea bure, kisha akapanda gari jingine.

Mumewe Ridwan alikuwa kinyume chake. Alikuwa fundi magodoro, mtu wa kibarazani, mwingi wa maneno na mchache wa haraka. Kwa zaidi ya miaka thelathini ndoa yao ilikwenda hivyo: mke anazunguka, mume anashona na kusimulia. Wapita njia waliozoea kumsalimu walijua kwamba salamu ya Ridwan haiishi mpaka chai iletwe.

Sasa Ridwan amefariki, na Swabrah yumo edani. Miezi minne na siku kumi, kama dini inavyotaka, na kama Wanubi, watu wa kabila lao, wanavyoisimamia, yaani kwa ukali kidogo kuliko dini yenyewe. Hakuna manukato, hakuna hina, hakuna kutoka. Na ili kutokutoka huko kusiwe maneno matupu, wifi yake mkubwa, Mastula, alikuja kutoka Walukuba na godoro lake na birika lake, akatandika karibu na mlango.

Mastula alikuwa dada wa marehemu, mwanamke mpana, mwenye jina moja tu mjini Jinja: mkweli. Ukimpikia pilau mbovu anakwambia ni mbovu, kisha anaomba sahani ya pili. Walipogombana watu wa Walukuba juu ya mpaka wa kiwanja au mahari, hawakuapa. Walisema, "Twende kwa Mastula," na alichokisema kikawa ndicho.

Hivyo ndivyo mwanamke asiyejua kukaa alivyokabidhiwa mlinzi asiyejua kufumba jicho. Mwezi wa kwanza Swabrah alihamisha kabati mara nyingi hata sakafu ikachoka. Mwezi wa pili alipepeta mchele usiokuwa na mawe. Mwezi wa tatu alianza kutembea ndani ya nyumba, kutoka jikoni hadi chumbani na kurudi, hata Mastula akamwambia aketi, maana hata kuku anayetaga hutulia.

"Nitulie vipi, wifi? Hii nyumba inanikaba."

"Itakukaba mpaka eda iishe. Keti."

Lakini si nyumba iliyomkaba. Kulikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilikuwa theluji.

Mwanzoni mwa ndoa yao Ridwan alipata kibarua cha kubeba mizigo ya watu waliokuwa wakienda kuweka alama za mpaka wa msitu juu mlimani. Alikaa huko karibu miezi miwili. Aliporudi alikuwa na hadithi. Alisema waliamka asubuhi moja wakakuta kilele kizima kimefunikwa, cheupe mpaka macho yanauma, na ukikanyaga kinalia chini ya mguu kama wanga mkavu. "Theluji, Swabrah," alisema. "Mimi Ridwan nimekanyaga theluji hapahapa Uganda."

Aliisimulia hadithi ile kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye foleni ya maji. Nkoma ikampa jina, ikamwita Afande Theluji, ingawa jeshini hakuwahi kutia mguu. Na aliyeongoza kicheko alikuwa mkewe. Swabrah aliuzunguka mlima ule kuliko mtu yeyote, aliwauliza wakulima wa vitunguu wa kila kijiji, na wote walimwambia wameona mvua ya mawe, wameona umande ulioganda majanini alfajiri, lakini mlima mweupe mzima, hapana. Basi mbele ya wageni alikuwa akisema, "Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mume wangu inafika mpaka kileleni." Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Ridwan naye alicheka, kidogo.

Wiki ya mwisho ya uhai wake, akiwa amelala hoi, aliitaja tena. Alisema, "Swabrah, ile theluji." Naye kwa mazoea tu, wala si kwa ubaya, akamjibu, "Ridwan, hata sasa?" Mgonjwa akageuza uso ukutani, na hawakuizungumza tena.

Hilo ndilo lililokuwa likimtembeza Swabrah kutoka jikoni hadi chumbani. Alisoma madrasa, alijua. Kosa ulilomkosea Mungu, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Ulilomkosea mja, mpaka mja mwenyewe akusamehe, na mja wake alikuwa chini ya udongo. Kama Ridwan alikuwa mwongo, basi yeye alimtania mwongo, na hakuna dhambi kubwa hapo. Lakini kama alisema kweli, Swabrah alimdhulumu mtu wa haki mbele ya watu, ujana wake wote na uzee wake wote, na sasa hapakuwa na wa kumwomba radhi.

Asubuhi moja ya Jumamosi, baada ya mvua ya baridi iliyonyesha siku mbili mfululizo, jirani yao Nambozo aliingia uani bila hodi, ana simu mkononi.

"Mama, toka inje! Huko juu ya Masaba kumeanguka kitu nyeupe. Mlima yote! Watu wanakimbia Busiu kuona."

Swabrah aliangusha ungo. Akaishika ile simu. Picha ilikuwa ikitetemeka, mtu aliyeipiga alikuwa akipiga kelele, lakini weupe ulikuwapo, nyuma kabisa, juu ya bluu ya mlima.

"Hii ni ya wapi? Si ya Ulaya hii?"

"Ulaya gani, Mama? Huoni mahindi hapo mbele? Ni Busiu hiyo. Ndugu yangu ametuma sasa hivi."

Msomaji asiyeijua Mbale aelewe jambo moja. Ukiwa Nkoma huuoni mlima wenyewe. Unauona ukuta wa mwamba wa Wanale, umesimama mbele ya mji kama mtu mrefu aliyekaa mbele yako kwenye sherehe. Kilele kiko nyuma, kimejificha. Ukitaka kukiona lazima uukimbie mlima, uende kusini kwa barabara ya Tororo mpaka Busiu, ndipo ugeuke. Swabrah alitoka uani akautazama Wanale, akazunguka nyuma ya choo akautazama tena, akapanda juu ya jiwe la kufulia. Wanale ulikuwa kijani kibichi, hauna habari.

"Shuka hapo," Mastula alisema. "Mjane anapanda mawe?"

"Wifi, twende Busiu."

"Nini?"

"Twende Busiu tuone, turudi. Kabla ya adhuhuri tumerudi."

Mastula aliweka birika chini. Sura yake haikuwa ya hasira kama Swabrah alivyotegemea. Ilikuwa ya mtu aliyeguswa jino bovu. "Kama ile kitu ni ya Mungu, itangoja eda yako iishe."

"Haingoji, Hajati," Nambozo alidakia. "Jua ikiwaka vizuri, imeisha."

"Wewe nani amekuuliza?"

Swabrah alikuwa ameshaingia ndani kutafuta viatu. Alitoka na kimoja, akarudi kutafuta cha pili, akatoka bila hata kimoja. "Mastula, unajua nilimwita nini ndugu yako. Unajua nilimwita mbele ya nani. Acha nione na macho yangu."

"Na ukiona?"

"Nikiona nitajua."

"Utajua nini?" Mastula aliuliza, na sauti ikapanda. "Kujua kutakusaidia nini? Kaa chini, Swabrah. Mambo mengine ni heri yabaki mlimani."

Swabrah hakukaa. Alimpigia simu Sheikh Asuman, imamu wa msikiti wao, akaiweka simu kwenye sauti kubwa ili wifi asije akasema hakusikia. Aliuliza kama mjane anaweza kutoka mchana kwa haja. Sheikh akajibu kwamba mchana mjane hutoka kwa haja yake, mradi alale nyumbani kwake. Akauliza tena, je, kwenda kuona theluji ni haja? Kwa nyuma zilisikika honi za pikipiki, na mtu akinadi mahindi ya kuchoma.

"Sheikh," Mastula alisema, akiisogelea simu, "wewe uko wapi sasa hivi?"

Sheikh Asuman alikohoa. "Niko safarini kidogo. Sikilizeni. Kutalii si haja. Lakini haja ya mtu anaijua yeye na Mola wake. Kama ni ya kweli, mwende mara moja, mrudi mara moja. Na msichelewe, maana mawingu, nafikiri, huenda yanakaribia." Akakata.

Mastula aliitazama simu. Macho hayana pazia, alisema, hata ya mashekhe. Akajifunga mtandio. Akasema wataenda, lakini mjane hatakaa nyuma ya mwanamume wa boda boda wakati yeye Mastula yu hai. Wabwire, kijana wa boda wa pale kona, alipofika, Mastula alipanda katikati, kati ya dereva na mjane, akawa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa mnene kiasi kwamba Wabwire alikaa juu ya tangi la mafuta, na Swabrah nyuma kabisa alining'inia, kitambaa chake cheupe cha ujane kikipepea barabarani hadi waliopita wakageuza macho.

"Mama, tunaumia!" Wabwire alilalamika kwenye bonde la kwanza.

"Endesha," wanawake walisema pamoja.

Njia nzima Swabrah alikataa kugeuza shingo. Alitaka auone mlima wote kwa mara moja. Alisoma dua, akaisahau katikati, akaanza nyingine. Mara alitaka weupe uwepo, ili ajue mumewe alikuwa mtu wa kweli. Mara alitaka usiwepo, ili yeye abaki salama. Alijikuta anamkasirikia Ridwan kwa kufa kabla ya siku hii, halafu akajionea aibu, halafu akamkasirikia tena.

Busiu palikuwa kama sikukuu. Magari yameegeshwa pande zote mbili za barabara, watu wamepanda juu ya malori ya mahindi, wengine juu ya kuta. Familia moja ya Kihindi ilikuwa imekuja tangu Jinja. Bibi yao, aliyeitwa Sushma, alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya gari, ndani ya sari na sweta juu yake, jua likimchoma, na alikuwa akila gonja, ile ndizi ya kuchoma, kwa furaha kuu. Wauza mahindi hawakuweza kuchoma kwa haraka ya kutosha. Na Sheikh Asuman, alipoona pikipiki ile na mzigo wake, alisogea taratibu nyuma ya lori.

Swabrah alishuka. Akageuka.

Mlima ulikuwa umesimama wazi, mkubwa kuliko alivyoukumbuka, na juu yake, kutoka bega hadi bega, ulikuwa mweupe. Haukuwa ukungu wala umande. Weupe ulishuka kwenye mabonde kama unga uliomwagika mezani ukafuata nyufa, na pale jua lilipoupiga uling'aa hadi mtu akalazimika kukinga macho. Watu walikuwa wakiguna, wakicheka bila sababu. Mzee mmoja alivua kofia. Swabrah naye alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kikubwa, cha msichana, hata akajifunika mdomo akikumbuka kwamba yumo edani. Ulikuwa ni uzuri ambao hakuwa ameuomba. Miaka yote aliuzunguka mlima huu akihesabu magunia, na hakuwahi kuutazama kama kitu cha kutazamwa.

Kisha kicheko kikageuka. Aliketi palepale, kwenye ukingo wa shamba la mahindi, akalia.

"Alisema kweli," alisema. "Mastula, alisema kweli yule mtu. Na mimi nikamwita mwongo mpaka kitandani. Alitaka kuniambia, nikamwambia hata sasa. Nani atanisamehe? Mwenye haki yake yuko kaburini. Mungu mwenyewe atasema, mimi siwezi, hii ni ya Ridwan."

"Usiseme hivyo."

"Nimemdhulumu! Mbele ya watu nimemdhulumu!"

Alikuwa akijipiga goti kwa ngumi. Mastula alimshika mkono, akauachia, akaushika tena. Aliangalia huku na huku. Kisha akachuchumaa kwa taabu kando yake, akasema kwa sauti ya chini, kwa lugha ya nyumbani ya Walukuba, ile anayosemea mambo yasiyorudiwa.

"Swabrah, sikia. Hukumdhulumu. Ridwan hakupanda huko."

Swabrah aliacha kulia.

"Alifika kambi ya kwanza tu. Baridi ikamshika, na giza la msitu, akalia. Wenzake wakamcheka. Asubuhi akashuka peke yake. Lakini atarudije kwa bibi mpya, na alikuwa amejisifu mtaa mzima? Akaja kwangu Walukuba. Alikaa kwangu anakunywa chai mpaka wenzake waliposhuka. Mmoja wao akapitia kumjulia hali, ndiye alisimulia ile theluji. Ridwan alisikia tu, kama wewe ulivyosikia." Mastula alipumua. "Hakuniapisha. Aliomba tu nisije nikaulizwa. Na hakuna aliyeniuliza. Basi usijipige. Huna deni."

Mlima ulikuwa palepale, mweupe. Wabwire alikuwa anapigwa picha nao. Swabrah alimgeukia wifi yake.

"Kwa hiyo nilikuwa na haki."

"Ulikuwa na haki."

Ilikuwa ndiyo habari njema aliyoitaka tangu siku ya maziko, na ilipofika haikuwa na ladha yoyote. Hasira ilimpanda. Miezi miwili mwanamume anakunywa chai Walukuba, na yeye bibi arusi Nkoma anamwombea asiliwe na chui! "Kwa nini hakuniambia?" alisema. "Baadaye hata. Tumezeeka pamoja. Ningecheka siku moja, yakaisha."

"Wewe?" Mastula alisema. "Wewe ambaye leo uko Tororo, kesho Jinja, kesho kutwa huko kwa vitunguu? Kila jioni unarudi na habari za mahali, na yeye ameshinda na sindano. Alitaka na yeye awe na mahali pamoja alipofika ambapo wewe hujafika."

Swabrah alifuta uso kwa pindo la kitambaa chake. Aliona kibaraza chao, na mumewe akimpokea mizigo, akimuuliza barabara ilikuwaje, nani alikuwepo, walikula nini, na yeye akijibu huku akitafuta viatu vya kesho. Hakukumbuka kama aliwahi kumwambia, na wewe, twende. Hilo halikuwa la kucheka wala halikuwa uongo wa mtu yeyote.

Karibu nao mabishano yalikuwa yamezuka. Otim, dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa, alikuwa amesimama mbele ya kiti cha Bibi Sushma akimhakikishia kwamba wanadanganywa. "Mimi napita hii barabara tangu nikiwa kijana. Hiyo ni mawe tu inang'aa, imelowa mvua. Ama ni mawingu imelala. Theluji Uganda hapa? Nani alishawahi kuikanyaga? Niletee mtu mmoja!"

"Mimi naona ni theluji, baba," Bibi Sushma alisema kwa upole. "Lakini kweli, sijasikia mtu wa hapa amefika."

Swabrah alikuwa ameshasimama. Mastula alijaribu kumshika pindo, akachelewa.

"Mume wangu alifika," Swabrah alisema.

Watu waligeuka. Baadhi walikuwa wa Nkoma, walimjua, na mmoja alianza kutabasamu, maana alikumbuka jina la Afande Theluji na aliyeling'ang'ania. Swabrah alimtazama mpaka tabasamu likaisha.

"Ridwan, fundi magodoro wa Nkoma. Alibeba mizigo ya watu wa mipaka, wakapanda mpaka juu. Aliikanyaga. Alisema inalia chini ya mguu."

"Mama, pole," Otim alisema, akiona kitambaa cha mjane. "Lakini wanaume tunasema vitu vingi. Nani shahidi?"

"Huyu hapa." Aligeuka, akamnyooshea mkono wifi yake, ambaye alikuwa bado anahangaika kuinuka kutoka ukingoni. "Huyu ni dada yake, Mastula wa Walukuba. Uliza mtu yeyote wa Jinja kama amewahi kusema uongo. Muulize."

Hata Bibi Sushma aliacha gonja lake, maana jina hilo alikuwa amelisikia Jinja. Sheikh Asuman alichungulia kutoka nyuma ya lori. Mastula alisimama kwa shida, akajikung'uta majani ya mahindi, akamtazama Swabrah, kisha akautazama mlima. Midomo yake ilitembea, na aliyekuwa karibu angesikia kwamba alikuwa akimwomba Mungu msamaha mapema.

"Alirudi vidole vya miguu vimekufa kwa baridi," Mastula alisema. "Alipitia kwangu Walukuba. Mimi mwenyewe nilimkanda kwa maji ya moto."

"Vidole vyote?" Otim aliuliza, sauti imeshuka.

"Vyote," Mastula alisema. "Cha mwisho kilichukua wiki mbili kupona."